Besi haisikiki jukwaani: niongeze wati au nibadilishe boksi?

SWALI: Napiga besi ya nyuzi tano kwenye bendi yenye dramu, magitaa mawili, kinanda na waimbaji. Amplifaya yangu ni ya kipande kimoja, wati 150, spika moja ya inchi 15. Mazoezini inanitosha, lakini kwenye shoo sijisikii, na nikiongeza sauti inaanza kukoroma kwenye noti za chini. Nimepata ofa ya kichwa (amplifaya isiyo na spika) cha wati 800 pamoja na boksi la spika nne za inchi 10, omu 4 (kipimo cha ukinzani wa boksi kwa umeme). Je, wati 800 zitamaliza tatizo? Spika za inchi 10 zitatoa besi nzito kama ya 15? Na hii ya zamani naweza kuiunga humo humo?

JIBU: Ndugu yangu, kichwa hicho huenda kikakufaa sana. Boksi la omu 4 ndilo linalonitia shaka, na sababu zake nitazieleza. Hela ingekuwa yangu, sehemu kubwa ningeiweka kwenye spika, halafu kichwa ningekichagua kwa kufuata spika hizo. Wapiga besi wengi hufanya kinyume, kwa sababu wati ndizo zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo.

Sikio halihesabu wati moja moja. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu za nyongeza, tofauti ambayo msikilizaji wa kawaida ataigundua akiwa ametega sikio. Ili besi isikike kama imepanda maradufu unahitaji takriban desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kutoka 150 hadi 800 ni desibeli 7 na kidogo. Si haba, ila haifiki hata maradufu, na hapo nimechukulia kwamba spika zinaweza kuzimeza wati zote hizo bila kulalamika.

Angalia upande wa pili sasa. Kila boksi lina kipimo cha wepesi wake wa kugeuza umeme kuwa sauti: linalishwa wati 1, kisha sauti inapimwa umbali wa mita 1. Boksi moja likitoa desibeli 94 na jingine 100, hilo la pili likipewa wati 200 litalingana na la kwanza lililopewa wati 800. Umesoma sawasawa: boksi zuri linaweza kukupa zaidi ya kile unachokwenda kununua kwa kubadilisha kichwa. Na kipimo hiki hakimo kabisa kwenye matangazo mengi, itabidi ukitafute.

Kwa hiyo ukifika dukani, zunguka nyuma ya boksi usome kibandiko. Tuseme kimeandikwa wati 600, omu 8, desibeli 100, hezi (mitetemo kwa sekunde) 38 hadi 17,000. Wati 600 ni kikomo cha joto, yaani umeme ambao koili ya spika inaweza kuuvumilia kabla haijaungua. Haimaanishi kwamba boksi linahitaji wati 600 ndipo lifanye kazi, wala kwamba kichwa cha wati 800 kitalipasua siku ya kwanza. Hizo hezi 38 ndizo za kutilia mashaka. Uliza: kwenye hezi 38 sauti imeshuka desibeli ngapi? Kama imeshuka 3, hilo ni boksi la kuheshimika. Kama imeshuka 10, noti hiyo inasikika nusu tu ya nyingine. Kibandiko kikikaa kimya, chukulia ni 10.

Uzi wako wa E ukiwa wazi unatoa hezi 41, na uzi wa B hezi 31. Usikatae boksi eti kwa sababu haliteremki hadi 31. Maboksi mengi ya kazi hii hayafiki huko kwa nguvu yoyote ya maana. B unayoisikia kwenye rekodi na jukwaani inajengwa zaidi na mitetemo iliyo juu yake, ile ya hezi 62 na 93, na ubongo unamalizia uliobaki. Boksi lililo imara kati ya hezi 60 na 100 litakupa B yenye mwili. Lililo dhaifu hapo halitakusaidia hata kama kibandiko kinadai hezi 25.

Turudi kwenye ule mkoromo wako, maana nadhani ndio unaoeleza tatizo lenyewe. Spika ina vikomo viwili. Kimoja ni joto, ambacho nimekitaja. Cha pili ni umbali ambao koni (ile sehemu ya spika inayotetemeka) inaweza kwenda mbele na kurudi nyuma kabla koili haijatoka kwenye eneo la sumaku. Ili sauti ibaki na ukubwa uleule, kila ukishuka oktava moja koni inatakiwa kusafiri mara nne zaidi. Noti ambayo katikati ya gitaa inaisogeza koni milimita moja, oktava moja chini inadai milimita nne. Spika yako moja inafika mwisho wa safari yake mapema sana, wakati joto bado ni la kawaida, na ndipo inapokoroma. Ukiiunganishia kichwa cha wati 800 itakoroma vilevile, kwa ukubwa uleule wa sauti.

Hapo ndipo kitufe cha besi kwenye ekolaiza kinapowaponza watu. Kukipandisha desibeli 6 ni kudai wati mara nne na safari ya koni mara mbili kwenye noti za chini. Mtu anajiona hasikiki, anapandisha besi, spika inakoroma, anahitimisha kwamba amplifaya ni ndogo.

Tiba ya mkoromo ni eneo la koni, yaani hewa nyingi kusukumwa kwa safari fupi. Hapa ndipo swali lako la inchi 10 dhidi ya 15 linapojibiwa kwa hesabu. Koni ya inchi 10 ina eneo la takriban sentimita za mraba 350, ya inchi 12 kama 530, ya inchi 15 kama 850. Spika nne za 10 zinakupa 1,400. Mbili za 12 zinakupa zaidi ya 1,000. Ile 15 peke yake ndiyo ya mwisho. Imani kwamba 15 ni ya uzito na 10 ni ya ukali ni ya zamani na haifi, lakini sauti ya boksi inatokana na spika yenyewe ilivyoundwa, ujazo wa boksi, na jinsi viwili hivyo vilivyooanishwa. Boksi maarufu kuliko yote katika historia ya besi, lile lililotoka na Ampeg SVT mwaka 1969, lilikuwa na spika nane za inchi 10 ndani ya vyumba vilivyozibwa, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba besi yake ni nyembamba.

(Ule mtambo, kwa taarifa, ulikuwa wa valvu, wati 300, kichwa peke yake kikikaribia kilo 40 na boksi likiwa zito zaidi. Ulitengenezwa enzi ambazo besi ilitegemewa ijaze ukumbi ikitokea jukwaani. Leo kazi hiyo inafanywa na mitambo ya ukumbi kwenye shoo nyingi, na mgongo wako haudaiwi.)

Kuna sheria moja ambayo hakuna mtengenezaji aliyeikwepa, nayo hupewa jina la Josef Anton Hofmann. Unataka mambo matatu: boksi dogo, sauti inayoshuka chini sana, na wepesi wa kutoa sauti kubwa kwa wati chache. Utapata mawili. Boksi dogo linaloshuka chini litakuwa zito kuitikia na litakula wati. Boksi dogo linalopiga kelele kwa wati chache halina chini. Sumaku za neodimiamu na mbao nyepesi zimepunguza kilo, hilo ni kweli na ni neema, lakini ujazo wa hewa ndani ya boksi haujapata mbadala. Muuzaji akikuambia kiboksi chake cha kubebwa mkononi kinafanya yote matatu, msikilize kwa adabu kisha omba kukijaribu kwa sauti ya bendi.

Maboksi mengi ya sasa yana tundu la kupumulia. Tundu hilo linasaidia sana kwenye noti za chini, ila chini ya masafa ambayo boksi limepimiwa, hewa ya ndani inaacha kuizuia koni na koni inapepea ovyo. Unaweza kuliona hilo kwa macho: tazama kupitia wavu mtu akigonga nyuzi kwa kiganja bila kupiga noti. Koni inaruka huku hakuna sauti ya maana inayotoka. Ndiyo maana nakushauri kichwa chenye filta inayokata kila kitu chini ya hezi 35 au 40. Vingi vya kisasa vinayo ndani, na kama chako hakina, pedali ndogo inafanya kazi hiyo. Wapiga besi wa nyuzi tano huiogopa filta hii wakidhani itawaibia B. Haiibi, inaokoa safari ya koni ili itumike kwenye hezi 62 zinazosikika.

Haya, omu. Soma polepole, kwa sababu vichwa huungua hapa.

Kichwa cha transista kina kiwango cha chini kabisa cha omu ambacho kinaruhusiwa kuendesha, kimeandikwa kando ya matundu ya spika. Mara nyingi ni 4. Vichache vinakwenda hadi 2.67 au 2. Kichwa kikiwa na matundu mawili ya spika, karibu kila mara yameungwa sambamba, na hata ukitoa waya boksi la kwanza kwenda la pili, hapo pia ni sambamba. Maboksi mawili ya omu 8 yanakuwa omu 4. Mawili ya omu 4 yanakuwa 2. Moja la 4 na moja la 8 yanakuwa 2.67.

Sasa tazama ofa yako. Boksi la omu 4 linachukua nafasi yote ya kichwa kinachoishia omu 4. Utapata wati zote 800 siku ya kwanza, vizuri, lakini mlango wa kuongeza boksi la pili umefungwa. Na boksi la pili ndilo ongezeko bora kuliko yote katika biashara hii: maboksi mawili yanayofanana, yakikaa pamoja, yanatoa desibeli 3 zaidi kwa wati zilezile, kisha omu zinaposhuka kutoka 8 hadi 4 kichwa kinatoa wati karibu mara mbili, desibeli nyingine zisizozidi 3. Jumla inakaribia 6. Ungetaka desibeli hizo 6 kwa kubadilisha kichwa peke yake, ungetafuta cha wati 3,200.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: chukua kichwa, muombe muuzaji boksi lilelile katika toleo la omu 8 kama lipo, au achana nalo ununue maboksi mawili madogo yanayofanana, kila moja omu 8, lenye spika moja ya inchi 12 au mbili za inchi 10. Hela ikitosha moja tu kwa sasa, nunua moja. Kichwa cha wati 800 kwenye omu 4 kitalipa hilo boksi moja la omu 8 kama wati 400 hadi 500, na kwa ukumbi mdogo wenye mitambo ya kubeba besi, zinatosha na kubaki. Shoo ya nje au mpiga dramu mwenye mkono mzito? Unabeba yote mawili. Boksi la spika nne za inchi 10 lina sauti nzuri, silikatai, na mtu ambaye ana gari kubwa na watu wa kumsaidia kubeba anaweza kulitumia maisha yake yote akiwa na omu 4 zake bila kujuta. Ila ukiwa peke yako kwenye ngazi usiku wa manane, kila kilo ina maana.

Yawe yanafanana kweli: kampuni ile, modeli ile. Kuchanganya boksi la spika nne za 10 na moja la 15, yote ya omu 8, ni desturi ya miaka mingi, na hesabu yake ni mbaya. Umeme unagawanyika nusu kwa nusu. Ile 15 inabeba nusu nzima peke yake, wakati kila spika ya 10 inabeba sehemu moja ya nane. Nani atafika mwisho wa safari yake kwanza? Ile ile uliyoinunua ikupe uzito.

Kwenye aina ya kichwa sitakaa sana. Vyepesi vya klasi D, kilo 2 hadi 4, vimeshathibitika. Joto lao ni dogo na sauti yao inapimwa kwa masikio yako, si kwa uzito wao. Valvu zina utamu wake zikisukumwa, na ukizitaka ujue kwamba kichwa cha valvu hakiwashwi bila spika kuunganishwa, la sivyo transfoma ya kutolea inaweza kuungua. Cha transista hakijali kukosa spika. Kinachokiua ni omu zilizo chini ya kiwango chake. Hakikisha kina tundu la XLR la kupeleka sauti kwa fundi mitambo, na swichi ya kuchagua sauti hiyo itoke kabla au baada ya ekolaiza. Iweke kabla. Ukihangaika na vitufe vyako jukwaani, fundi huko mbele hataharibikiwa.

Waya wa spika uwe waya wa spika. Kebo ya gitaa inafanana nayo kwa nje, lakini ndani ina uzi mwembamba usiojengwa kwa ajili ya mkondo huo. Inaweza kupata moto na kuleta shoti. Tumia plagi za Speakon kama kichwa na boksi vinazo: zinajifunga zikizungushwa, na hazigusanishi nyaya mbili wakati wa kuchomeka, kosa ambalo jeki ya kawaida hulifanya.

Kuna jambo huenda likakuokoa hata kabla ya kununua. Umesema mazoezini inatosha na kwenye shoo hujisikii. Tangu utafiti wa Fletcher na Munson wa 1933 inajulikana kwamba sikio ni zito kwa masafa ya chini sauti ikiwa ndogo. Mtu akijipangia sauti nyumbani kwa utulivu huongeza besi, huongeza ukali, na kupunguza katikati, kwa kuwa hivyo ndivyo inavyopendeza akiwa peke yake. Anakwenda nayo jukwaani. Chini kunamezwa na ngoma kubwa na mwangwi wa ukumbi, juu kunamezwa na matoazi na magitaa, na katikati, ambapo besi ingesikika, amepafuta mwenyewe. Kwenye shoo ijayo weka vitufe vyote katikati kabisa, punguza besi kidogo, kisha ongeza polepole eneo la hezi 250 hadi 800. Peke yake itasikika mbaya, kama inatoka puani. Ndani ya bendi utashangaa kila noti ina umbo.

Na boksi linaelekea wapi? Likiwa sakafuni na wewe umesimama mita moja mbele yake, masafa ya katikati na juu yanapiga ndama za miguu yako. Walio mita kumi mbele wanakusikia vizuri, wewe husikii kitu, unaongeza, na fundi anakuja kukulalamikia. Maboksi mawili yapange moja juu ya jingine, spika ya juu ikaribie sikio. Usiyaweke ubavu kwa ubavu: sauti zao za katikati zinakutana zikiwa zimepishana na kufutana kwa wanaosimama pembeni, na pembeni ndiko walipo wenzako. Ukiwa na moja tu, liinue juu ya kiti imara au kasha. Jukwaa la mbao lenye uwazi chini likianza kuvuma, kuliinua kunasaidia huko pia. Pembe za ukuta huongeza chini kwa bure. Jukwaani ni zawadi usiyoihitaji.

Ukienda kujaribu, nenda na gitaa lako. Ekolaiza ibaki katikati, twita (spika ndogo ya sauti za juu) ishushwe nusu. Panda kutoka B iliyo wazi hadi fret ya 12, noti moja moja, kila moja uiache ilie hadi mwisho. Unasikiliza kama zote zina ukubwa unaokaribiana, au kuna moja inayoruka na nyingine inayozama. Kisha omba ruhusa upandishe hadi sauti ya bendi, hata dakika moja tu. Boksi lolote linapendeza kwa sauti ya chumbani. Mpe mtu mwingine gitaa, utembee pembeni.

Hiyo ya zamani usiiuze, na spika yake usiiunge kwenye kichwa kipya. Huenda ni ya omu 4, na hesabu ya 15 nimeshaieleza. Wala usithubutu kutoa sauti kwenye tundu la spika la kichwa kipya na kuiingiza kwenye tundu la gitaa la amplifaya ya zamani, hapo utaunguza mojawapo au zote mbili. Kinachokubalika ni kuchukua sauti ndogo ya laini kutoka kwenye kichwa na kuiingiza kwenye tundu la kurudishia efekti, kama ya zamani inalo. Kwa njia hiyo inakuwa monita. Iweke upande wa mpiga dramu, besi ikiwa imepunguzwa na katikati imeachwa, kwa sauti ya kumtosha yeye tu.